Biri za Mashoto

Jina alilopewa na wazazi wake halikudumu. Alipoanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto wakamwita Mashoto, na Mashoto likamganda mpaka akaolewa, akazaa, akamwoza binti yake wa pekee mbali, na mvi zikaanza kumchungulia kwenye kilemba. Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua nyuma ya nyumba na kupiga pasi katika chumba cha mbele, na mtu akitaka kujua kama shati limepita mikononi mwake alitazama ukosi, maana hapakuwa na mwingine aliyeulaza ukosi ukatulia vile. Mumewe aliitwa Fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi mtaani, wa viatu, wa saa, wa mabomba, lakini ukiuliza Fundi bila kuongeza neno, watu walikuonyesha mlango wake.

Fundi alisokota biri. Si sigara hizi za karatasi, zinazotapikwa na mashine. Biri zenyewe, nene, za jani tupu la tumbaku kuanzia ndani mpaka nje. Karakana ya wasokotaji haikuwa mbali na nyumbani. Kilikuwa chumba kirefu chenye safu mbili za meza, na kila meza ina mwenyewe. Meza ya Fundi ilikuwa ya dirishani, penye mwanga, na pale hapakaliwi kwa kujuana. Aliipata baada ya aliyekuwa akikaa hapo kufariki, wakubwa wakasema hakuna mwingine anayestahili. Kule karakana watu hawakuulizana mshahara. Waliulizana, "Unakaa meza gani?" Na Fundi alipojibu, mwulizaji alimpa mkono tena.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kumtetemeka.

Mwanzoni alifanya mzaha. "Mkono wangu una adabu," alisema, "unasalimia watu hata wasiponisalimia." Lakini mzaha una mwisho wake. Kikombe kikaanza kumwagika, vifungo vya shati vikawa kazi ya Mashoto, na jani la tumbaku, ambalo likilowa ni laini na huchanika kwa kuangaliwa tu, likawa linachanika mikononi mwake moja baada ya jingine. Daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba dawa zitapunguza mwendo wa maradhi, lakini mkono hautarudi.

Sasa karakana ilikuwa na desturi moja nzuri kwa wazee wake. Msokotaji akiumwa, aliruhusiwa kukaa nyumbani. Mchukuzi alimletea fungu la majani na baadaye kuja kuchukua biri. Maadamu biri zinakuja, meza yake ilibaki tupu ikimsubiri, hakuna wa kuigusa. Biri zikikatika, meza inapewa mwingine. Fundi akatangaza kwamba ana mguu. Si mkono, mguu. Msokotaji wa mguu mbovu ni mgonjwa tu, atapona; wa mkono mbovu si msokotaji tena. Akawa anachechemea kila mchukuzi anapokuja, ingawa mara ya pili alisahau ni mguu upi, na Mashoto ikabidi amkoholee.

Majani yakaja. Fundi akakaa nayo kwenye meza ya pasi asubuhi nzima. Mashoto aliporudi kutoka kuanika nguo alimkuta amezungukwa na vipande vya majani, mkono wa kulia ameukandamiza kwa wa kushoto kama anamzuia mtoto mtukutu.

"Wakimpa mtu meza ile," Fundi akasema bila kumtazama, "mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wangu."

"Hiyo si kazi."

Mashoto hakuchukia, maana alijua anamaanisha nini. Alimjua mwanamume yule. Hakuwa na shamba, hakuwa na cheo, hakuwa msemaji msikitini wala kanisani wala barazani. Alikuwa na meza ya dirishani. Akaokota jani lililobaki zima, akaligeuza huku na huku.

"Basi nifundishe mimi."

Fundi akacheka, kicheko kibaya. "Samaki hukunjwa angali mbichi, Mashoto. Wewe umeshakauka."

"Basi nikaange hivyo hivyo."

Ndivyo ilivyoanza. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Fundi alifundisha kwa mdomo, kwa sababu mdomo ndio uliobaki. Alimfundisha kwanza kulowesha: jani hunyunyiziwa maji, halafu hufunikwa kitambaa kibichi mpaka liwe laini kama ncha ya sikio. Likizidi maji linaoza, likipungukiwa linavunjika. Kisha kuchomoa mshipa wa kati, polepole, jani ligawanyike nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Kisha biri yenyewe, ambayo wasokotaji waliiita kwa majina ya mtu na nguo zake. Majani ya ndani ni moyo. Jani linalofunga moyo ni shati. Biri ikishavaa shati hulazwa kwenye kibao chenye mifereji, ibanwe, ishike umbo. Ndipo ivalishwe koti, jani la nje, zuri kuliko yote, linalozungushwa kwa mshazari kutoka miguuni kwenda kichwani. Mwisho kofia, kipande cha mviringo kinachobandikwa kwa gundi ya unga.

Kusema ni rahisi. Biri ya kwanza ya Mashoto ilikuwa na tumbo. Fundi akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ina mimba," akasema. "Ya miezi mingapi?"

Ya pili ilikuwa imekazwa mno. Fundi alikuwa na namna yake ya kupima: aliitia biri mdomoni bila moto, akavuta. Ikipitisha hewa vizuri, imepona. Ile aliivuta mpaka mashavu yakaingia ndani, hewa haikuja.

"Umesokota biri au umefunga mzigo wa kuni? Mtu atakufa na hii mdomoni, wamzike nayo."

Ya tatu ikafunguka koti yenyewe mezani, taratibu, wote wawili wakiiangalia. Wakacheka mpaka Fundi akapata kwikwi.

Jambo lililowasumbua kuliko yote lilikuwa sabuni. Hakuna msokotaji aliyewahi kuwa na shida hii, kwa sababu hakuna msokotaji aliyewahi kuwa dobi. Tumbaku hushika harufu upesi kuliko mmbeya anavyoshika habari, na mikono ya Mashoto ilikuwa imelala kwenye sabuni maisha yake yote. Biri zikanuka shuka safi. Akasugua mikono kwa jivu, akasugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawasha, sabuni haikutoka. Ilikuwa imemwingia. Mwishowe wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, akaja kuchukua ufuaji wote, akamwachia pasi tu.

Wifi alikuwa mtu wa maneno. Aliingia na beseni lake, akamkuta kaka yake anamkaripia mkewe juu ya shati lililopinda, akaweka mkono kiunoni.

"Ndiyo, kaka, gomba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo unalolisema ni mimi, dada," Fundi akasema.

Wifi akaushusha mkono kiunoni. Akachukua nguo akaenda zake uani.

Shida nyingine ilikuwa mkono wenyewe. Nusu ya kulia ya jani huzungushwa upande mmoja, nusu ya kushoto upande wa pili, ili mishipa ya jani ilale sawa na isitoke nje kama mishipa ya shingo ya mtu mwenye hasira. Fundi alizisokota zote kwa kuongozwa na mkono wa kulia, kama wasokotaji wote aliowajua, na hakuona njia nyingine. Mashoto akatakiwa afanye hivyo hivyo. Kila alipojisahau, wa kushoto ukatangulia, na Fundi akapiga meza. "Kulia! Wa kulia ndio unaongoza!" Ikabidi kiganja cha kushoto akifunge kwa kitambaa, akiachie vidole tu vya kushikilia. Alisokota hivyo mpaka kidole gumba cha kulia kikaota sugu. Mama mzima, anafundishwa mkono kama mtoto wa chekechea.

Fungu la kwanza walilolipeleka lilirudishwa zaidi ya nusu. Mchukuzi alileta na salamu: msimamizi anasema Fundi apumzike, mguu ukiuma hata akili haitulii. Fundi alizipanga zile zilizorudi, akazifungua moja moja kwa kucha, akamwonyesha Mashoto kila kosa lilipo. Hapa moyo umepinda. Hapa shati limelegea. Hapa umewaza mambo mengine. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo Mashoto hakuwa ameiona tangu mkono uanze. Walisahau kula mpaka wifi alipowaletea.

Msimulizi hana haja ya kuficha: hizo ndizo zilikuwa siku nzuri za nyumba ile. Biri zilikuwa mbovu, mikono ya mama wa watu inauma, udobi umekufa nusu, lakini kulikuwa na kelele ndani. Fundi aliamka na la kusema. Aliteremka kitandani peke yake, akavuta kiti, akaanza, "Haya, lete maiti zako za jana nizitazame."

Polepole maiti zikafufuka. Marejesho yakapungua. Zilizozungushwa kwa nusu ya kulia zikawa nzuri, hata Fundi akivuta moja alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika na kuinua nyingine. Za nusu ya kushoto ndizo ziligoma. Koti lilikaa, lakini si kwa raha.

"Hizo usijali," Fundi akamwambia. "Kila msokotaji ana upande wake wa aibu. Hata mimi za kushoto zilikuwa zinalegea kidogo. Ni siri ya kila meza."

Kisha ikawa siku ambayo wifi alimpeleka Fundi kuchukua dawa. Mashoto akabaki peke yake na lundo la nusu za kushoto. Kidole gumba kilikuwa kinampwita. Akasokota moja, ikakataa. Akasokota nyingine, jani likachanika. Akatazama mlango, kama mtu anayetaka kuiba sukari, akakifungua kile kitambaa, akaliachia koti lizungushwe na mkono wake wa kushoto.

Jani likalala. Halikuvutwa, halikubembelezwa, lilifuata mkono mpaka juu likatulia, ukingo juu ya ukingo, kama ukosi chini ya pasi. Mashoto akashangaa. Akafanya ya pili, ya tatu, na zote zikawa hivyo hivyo. Alijikuta anaimba.

Fundi aliporudi alikaa kupima kama kawaida. Akavuta moja, akavuta nyingine. Akatoa chache kati ya zile nyingi akazipanga kando. Ni zilezile alizosokota akiimba. Mashoto akasubiri, anajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu.

"Hizi umezisokota kwa mkono gani?"

Mashoto akainua wa kushoto.

Fundi akaitazama biri muda mrefu. Akapitisha kidole juu yake, kidole kinatetemeka, biri imetulia.

"Hili sikukufundisha," akasema.

Alilisema taratibu, na Mashoto, kwa furaha iliyomlevya, akadhani amesifiwa.

Kuanzia hapo akawa na mikono miwili. Nusu za kulia kwa wa kulia, nusu za kushoto kwa wa kushoto, na hapakuwa tena na upande wa aibu. Hakuna biri iliyorudi. Wiki zikapita, na mchukuzi akawa anaondoka na fungu bila kuleta neno.

Siku moja hodi ikapigwa, na haikuwa ya mchukuzi. Alikuwa msimamizi wa karakana mwenyewe, mzee mnene aliyejulikana kama Pua, kwa kuwa hakupitisha fungu lolote bila kulinusa. Mashoto akafunika kibao kwa shuka la pasi haraka. Fundi akausukuma mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia.

"Shemeji, hujambo? Usihangaike, sikai," Pua akasema, akakaa. Akamgeukia Fundi. "Mguu?"

"Unaendelea."

"Uache uendelee hivyo hivyo!" Pua akacheka peke yake. "Fundi, sikutaka kutuma mtu. Nimekuja na miguu yangu kukwambia. Sijui umefanyaje. Nimezifungua biri zako nione ndani, nimezivuta, nimezinusa. Ndugu yangu, hujawahi kusokota hivi. Hata ulipokuwa kijana."

"Nashukuru."

"Na za kushoto! Sasa leo nikwambie, maana tumezeeka wote. Za kushoto zako miaka yote nilikuwa nazipitisha kwa heshima. Nilikuwa nasema, ni Fundi, ziache zipite. Sasa hivi? Sasa hivi nazitafuta hizo kwanza. Wanunuzi wanauliza, huyu mtu nani?" Akampiga kofi la bega. "Mguu ukipona uje uwaonyeshe vijana. Meza yako naipangusa mimi mwenyewe."

Fundi akatabasamu. Mashoto aliliona tabasamu lile likija na likiondoka, na mtu ambaye hajaoana naye asingeona chochote. Pua akaaga, akanusa hewa mlangoni, akasema nyumba inanukia kazi.

Walipobaki wawili, Mashoto alijaribu kucheka. "Umesikia? Nazitafuta hizo kwanza!"

"Nimesikia," Fundi akasema. Akautoa mkono chini ya paja. Ulikuwa umekufa ganzi, na kwa kitambo kidogo haukutetemeka hata kidogo.

Kesho yake hakuvuta kiti. Mashoto alipanga biri mezani, akaita, "Fundi, njoo uzivute." Akajibiwa kutoka chumba cha ndani kwamba hazina haja. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Akawa anakaa ukingoni mwa kitanda na redio, na redio inasema mambo ya bei ya saruji na mpira na hali ya hewa, yeye hasikii hata moja. Akiulizwa kama amekula anasema ndiyo, hata kabla chakula hakijaiva. Kofia yake ya kazini, aliyokuwa akiivaa hata wakati wa kufundisha, ikabaki msumarini.

Mashoto akasokota kimya. Alikumbuka matusi. Akajua, na lilimuuma kulijua, kwamba alipokuwa hajui kitu mumewe alikuwa na kazi, na kwamba yeye ndiye aliyemwachisha. Alitaka amsikie akisema hii ina mimba. Alitaka meza ipigwe. Alisokota biri nzuri, moja baada ya nyingine, na kila nzuri ilimsogeza mtu yule hatua moja ndani zaidi ya kile chumba.

Ndipo akafanya jambo ambalo alidhani ni la upendo, na huenda lilikuwa. Alichukua moyo wa biri moja, akapinda jani moja katikati, akalikunja na kulibana hewa isipite. Akaifunga shati, akaivisha koti zuri, akaibandika kofia. Akaingia nayo ndani, amenuna kidogo.

"Hii imenishinda. Sijui nimekosea wapi."

Fundi akapunguza redio. Akaipokea kwa mikono yote miwili, akaitia mdomoni, akavuta. Hewa haikuja. Jicho lake likaamka. Mashoto akaliona likiamka, akafurahi. Fundi akapitisha kidole toka miguuni mpaka kichwani, akasimama katikati, akarudi, akasimama palepale. Akainua kofia kwa kucha. Akalivua koti, akalivua shati, akaufungua moyo juu ya paja lake, majani yanaruka ruka kwa ule mtetemeko, mpaka akalifikia lile lililopindwa. Lilikuwa limekunjwa nadhifu, kama leso.

Akakaa nalo mkononi.

"Kosa la mwanafunzi halijijui lilipo," akasema. "Limezagaa. Huku limelegea, kule limekaza. Hili umelipachika."

"Fundi..."

"Mkono unaojua hauwezi kukosea hivi, Mashoto. Huu ni mkono unaojua."

"Nilitaka tu unigombeze."

"Nikugombeze nini? Huna kosa." Akalilaza lile jani kitandani. "Watu wote wanihurumie. Pua alikuwa ananihurumia miaka yote, kumbe sijui. Wewe usinihurumie. Wewe hapana."

Mashoto akakaa chini, sakafuni, miguuni pake, akalia kwa sauti bila kujali majirani. Fundi hakumbembeleza. Aliweka tu ule mkono juu ya kichwa chake, nao ukatetemeka pale juu ya kilemba, na wote wawili wakauacha utetemeke.

Mchukuzi alipokuja, Fundi alimwambia arudi na Pua. Hakuchechemea mbele yake.

Pua akaja, safari hii bila mzaha, maana wito ni wito. Fundi alikuwa amekaa kwenye meza ya pasi. Akauweka mkono wa kulia juu ya meza, mbele ya macho ya mwenzake, na kisu cha kukatia majani kilichokuwa karibu kikaanza kugonga gonga ubao.

"Mkono wangu ndio huu," Fundi akasema. "Uliokuja kuusifu ni wa yule pale."

Pua akamtazama Mashoto. Akautazama mkono. Akavua kofia yake akaishika magotini.

"Tangu lini?"

"Tangu ule mguu."

"Na mguu je?"

"Mguu mzima."

Midomo ya Pua ikataka kucheka, ikaghairi. Mwishowe Pua akaanza, "Fundi, ile meza, unajua kanuni..."

"Naijua kabla yako. Mpe yeye."

"Mimi siketi kwenye meza ya mtu aliye hai," Mashoto akasema.

"Usipoketi wewe atakaa mwingine," Fundi akamjibu. "Mimi nisikae, na mtu nisiyemjua akae? Hapo utakuwa umenisaidia nini?"

Wifi, aliyekuwa ametega sikio uani, akaacha kufua.

Basi Mashoto akaenda karakana. Pua alimtembeza kati ya zile safu mbili mpaka dirishani. Meza ilikuwa imepanguswa kweli. Ubao ulikuwa umelika upande mmoja, pale kiwiko cha Fundi kilipokuwa kikiegemea, na Mashoto aliposogeza kiti, kiwiko chake kiliangukia upande mwingine, penye mbao bado nzima. Akalowesha majani yake. Akafunika kitambaa.

Wakaanza kuja. Aliyetangulia ni jirani wa meza ya pili, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akampa mkono, akausubirisha kidogo ndani ya wake.

"Pole, mama. Alikuwa fundi kwelikweli."

Akaja mwingine, na mwingine. Mwanamke mmoja alimletea chai, akamwambia aketi tu, siku ya kwanza huwa ngumu. Kijana mmoja asiyemjua alisema kwamba yeye alipoingia hapa aliambiwa, mwangalie yule wa dirishani, ukijua nusu ya anayojua umekula. Waliongea kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea penye msiba, na hakuna aliyeuliza anaendeleaje. Mashoto alitaka kuwaambia kwamba yupo. Kwamba asubuhi hii amelalamika chai imepoa, kwamba amefungwa vifungo vya shati lake na kusema ukosi umembana. Badala yake akasikia ulimi wake unajibu, "Asanteni. Tumeshapoa."

Lilimtoka vile anavyojibu mfiwa. Akainama haraka juu ya majani. Alisokota mpaka jua likahama dirishani, na hakuna iliyorudishwa.

Alipofika nyumbani Fundi alikuwa kitandani, redio imezimwa. Alikuwa amejaribu kujivua shati mwenyewe, vifungo viwili vimekatika. Mashoto akakaa ukingoni akaanza kumfungua vilivyobaki.

"Ulikaa?" Fundi akauliza.

"Nilikaa."

"Wamesemaje?"

Mashoto akachelewa kwenye kifungo kimoja kuliko ilivyohitaji.

"Wanauliza utarudi lini," akasema. "Wote. Wanasema meza haijazoea mtu mwingine."

Fundi akamtazama. Mtu huyu aliyelijua jani moja lililopindwa kwa makusudi ndani ya biri iliyofungwa alimtazama mkewe usoni, na Mashoto akasubiri akamatwe.

"Wasalimie," Fundi akasema, akageukia ukutani.